Mto Ukirudi, Watu Wapite Wapi?

Kabla ya zege kufika bonde la Usangu, mto ulikuwa ukiyabomoa mabanio wenyewe. Mkulima wa mpunga wa Mbarali alikinga maji kwa miti, mawe, nyasi na udongo, akaelekeza sehemu ya mto kwenye mfereji wake. Banio la namna hiyo huvuja. Maji yanayopenya humfikia jirani wa chini, na mvua kubwa zikianza kushuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, mto hulisomba lote. Kiangazi kinachofuata watu hukata miti tena na kupanga mawe tena. Ni kazi ya kuchosha, na inamaliza miti. Ndiyo maana mabanio ya zege yenye mageti ya chuma yalipokuja, yalionekana neema.

Ubaya wa banio la zege ni uimara wake. Halivuji wala halisombwi. Mwezi wa Septemba, mto ukiwa mwembamba, geti likifungwa sawasawa linaweza kuingiza maji yote mferejini, na chini yake pakabaki mchanga mtupu. Ongeza hapo mashamba makubwa ya Mbarali na Kapunga yaliyokuwa ya NAFCO, shirika la serikali la kilimo, na mifereji ya wakulima wadogo iliyozidi kuongezeka, uone kilichotokea: mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na tangu hapo kukauka kiangazi kukawa desturi. Lawama za kwanza ziliwaangukia wafugaji. Watafiti wa mradi wa SMUWC, waliofanya kazi Usangu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, walifikia jibu jingine: kilichoukausha mto hasa ni maji yanayochepushwa wakati wa kiangazi.

Jibu hilo halieleweki bila kuijua Ng'iriama. Mito ya Usangu, ukiwemo Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha wenyewe, huilisha Ihefu, na kinamasi hicho kina mlango mmoja wa kutokea: kizingiti cha mwamba paitwapo Ng'iriama. Maji yakiwa juu ya mwamba, mto hutoka kwenda hifadhini, kisha Mtera, kisha Kidatu. Yakishuka chini ya mwamba, hata kama kinamasi bado kimelowa, hakuna kinachotoka. Jua nalo linavuta maji kila siku. Kwa hiyo maji yanayoingia Ihefu kiangazi lazima yazidi yale yanayopotea kwa mvuke, na ziada hiyo ndogo ndiyo Ruaha yote ya Oktoba. Mageti machache yakifungwa huko juu, ziada hiyo imekwisha.

Kwa maana hiyo sisi hatuna bwawa moja kubwa la kubomoa ili kuurudisha mto. Tuna mabanio na mifereji mingi ya kufungua, kufunga kwa zamu au kuondoa. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu ungetiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu pamoja na mifugo yao. Mwaka 2008 Usangu ikaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Mwaka 2010 ukapita na mto ukaendelea kukauka. Kazi ya kuurudisha inaendelea, na kuhusu maji yenyewe mengi yameandikwa. Mimi nataka kuuliza jambo ambalo mipango hiyo hulipita kimyakimya: maji yakirudi, mwananchi atayafikia kwa njia ipi?

Waliobomoa mabwawa halisi waliliuliza swali hili mapema. Bwawa la Edwards kwenye mto Kennebec, katika jimbo la Maine nchini Marekani, lilipobomolewa mwaka 1999, eneo la kiwanda kilichokuwa kandokando yake mjini Augusta liligeuzwa kuwa bustani ya umma. Kwenye mto Klamath, mpakani mwa California na Oregon, mabwawa manne yaliondolewa na kazi ikakamilika mwaka 2024. Majadiliano ya huko hayakuwa ya samaki peke yake. Ardhi iliyofichuka maji yalipoondoka ilikuwa na wenyewe wa asili, na sehemu yake ikapangwa kurudishwa kwa Washasta. Waendesha mitumbwi nao wakatengewa mahali pa kushukia majini. Ardhi iligawiwa kwenye karatasi kabla mtu mwenye fedha hajafika na waya wa miba.

Huku kwetu karatasi iliyopo ni ya mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru hifadhi ya ukingo huo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaushika umbali uleule, na sheria za ardhi za 1999 huuhesabu ukanda huo kuwa ardhi hatarishi. Lengo ni zuri: mizizi ishike udongo, mbolea na dawa za shambani zisiingie majini. Lakini soma tena maneno hayo. Kinachokatazwa ni shughuli ya kudumu au ya kudhuru. Mtu anayetembea, mtoto anayeogelea, waumini wanaobatiza asubuhi na kuondoka, hawajafanya la kudumu wala la kudhuru. Hata hivyo kibao cha mita 60 kinapowekwa, kwa kawaida husomwa na kila mtu, mtendaji wa kijiji akiwemo, kama katazo la kukanyaga.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Anayeiheshimu sheria hukaa mbali, na asiyeiheshimu hulima vinyungu mpaka majini. Sisemi kwamba kinyungu ni uhalifu. Kwa kaya nyingi za Iringa na Njombe ndiyo mboga na mahindi mabichi ya kiangazi. Nasema kwamba ukanda usio na njia wala kazi inayotambulika hubaki bila mlinzi, na kwa kawaida humezwa na shamba la jirani.

Tena sheria ya maji yenyewe inampa haki ya kuchota maji ya matumizi ya nyumbani mtu mwenye njia halali ya kuyafikia. Haki ya maji imeegemea njia, na njia haijachorwa.

Tazama mahali ambapo watu wa nyanda hizi huenda kustarehe mtoni. Rungwe, kwenye mto Kiwira, kuna Daraja la Mungu na Kijungu, ambako shule hupeleka wanafunzi na vijana hupiga picha. Kijungu kiko ndani ya eneo la Magereza, kwa hiyo kukifikia ni kwa ruhusa. Kwenye Hifadhi ya Ruaha ukingo wa mto ndio kivutio chenyewe, maana kiangazi wanyama hukusanyika kwenye madimbwi yaliyobaki. Lakini unaingia kwa kiingilio na kwa gari, na hupaswi kushuka utakapo, kwa sababu zinazoeleweka. Iringa mjini, Ruaha Mdogo unapita Ipogolo chini ya mteremko, hapohapo penye barabara kuu ya kwenda Mbeya, na ni mto uleule ambao mji unachota maji yake ya bomba. Ukifuata mto huo utafika Kalenga, ngome ya Mkwawa iliyoangushwa na Wajerumani mwaka 1894. Mji wenye mto wa historia namna hii ungeweza kuwa na kijia cha kutembea jioni kutoka darajani kwenda juu. Huo ndio mradi ambao ningeuanzia, kabla ya mwingine wowote wa mamilioni.

Mradi wa mamilioni ulikuwepo. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kwa ajili ya REGROW, mradi wa utalii wa kusini uliohusisha pia kurudisha maji ya Ruaha. Novemba 2024 ulikatishwa, baada ya malalamiko ya wanavijiji wanaoizunguka hifadhi kufikishwa kwenye Jopo la Ukaguzi la benki hiyo. Starehe mtoni ilifikiriwa, ila kwa ajili ya mgeni wa hotelini. Mwenyeji wa Mbarali alitazamwa kama mtu wa kuondolewa ukingoni.

Kuna pingamizi la kweli dhidi ya ninachopendekeza, nalo ni hatari. Ruaha Mkuu una mamba na viboko. Maji yaliyotulia yana konokono wa kichocho, na mto uliorudishwa nusunusu, wenye madimbwi yasiyotembea, unawafaa konokono hao kuliko mto unaokwenda kasi. Chini ya banio, geti likifunguliwa ghafla maji hupanda wakati watoto wako katikati ya mawe. Kwa hiyo njia ya umma si kibali cha kuogelea popote. Jumuiya ya watumia maji, ambayo tayari inajua ratiba ya zamu za mageti, ndiyo inayoweza kusema wapi pa kuoga, wapi pa kunyweshea ng'ombe na wapi pa kuoshea pikipiki mbali na maji ili mafuta yasishuke mtoni. Sheria ya Ardhi inaruhusu kuanzishwa kwa haki ya njia ya umma, na mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji unaweza kuichora njia hiyo sasa, kabla ardhi ya ukingoni haijapanda bei.

Jambo moja la kiufundi lisisahaulike wakati wa kuchora. Mto uliofunguliwa hausimami pale ulipoachwa. Kwenye mto Elwha, jimbo la Washington, mabwawa mawili yalibomolewa kati ya 2011 na 2014; mchanga uliozuiliwa kwa karibu karne nzima ukashuka, mkondo ukahama, ukakata barabara ya wageni na kubeba viwanja vya kupigia kambi. Usangu ni tambarare ya mashapo, na mito yake inajulikana kwa kuhama hata bila kubomolewa kitu. Kigingi cha mita 60 kilichopigwa leo kando ya mto uliokonda kinaweza kujikuta katikati ya maji masika mawili baadaye, au mita 200 kutoka majini, shambani kwa mtu. Ukingo upimwe kwenye alama ya mafuriko ya kawaida ya masika, si kwenye maji ya Oktoba, na hati iandikwe kwamba njia inahama na ukingo. Mpimaji atalalamika kwamba mstari usiotulia hauingii vizuri kwenye ramani. Lakini hati ya namna hiyo itamwepusha mwenyekiti wa kijiji na kesi ya mpaka kila baada ya mafuriko.