MAELEZO KWA WANANCHI: KUSHIRIKI MASHINDANO YA PICHA ZA UBUNIFU KWA WAPIGA PICHA WA RIDHAA

Wananchi wanaarifiwa kwamba maelezo yafuatayo yametayarishwa kwa ajili ya wale wanaopiga picha kwa mapenzi yao, bila ya kuifanya kazi hiyo kuwa chumo, na ambao wangependa kuzipeleka picha zao kwenye mashindano ya ndani au ya nje ya nchi. Dhamira yake ni moja, nayo ni kumwezesha mshiriki kujua, kabla hajaituma picha, ni kitu gani anachokitoa na ni kitu gani anachotarajia kukipata.

Kwa muda mrefu picha ilikuwa ni jambo la mwenye studio. Hapa Zanzibar wengi wanaikumbuka Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 katika Mji Mkongwe, ambako familia nzima ilivaa nguo za sikukuu na kwenda kupigwa picha moja ya kuwekwa ukutani. Leo simu ya mkononi imeifikisha kamera katika kila shehia na kila kijiji. Kwa sababu hiyo, mfano utakaofuatwa katika maelezo haya si wa mjini wala si wa pwani. Ni wa Sapiwi, kata ya Wilaya ya Bariadi katika Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 na unaojulikana kwa kilimo cha pamba. Linalomkabili kijana wa Sapiwi mwenye simu moja ndilo linalomkabili pia kijana wa Micheweni au wa Makunduchi.

1. Picha ya ubunifu ni ipi

Picha ya khabari huonyesha tukio kama lilivyokuwa. Picha ya ubunifu huanzia hapo hapo, lakini mpiga picha huchagua mwanga, kivuli, mwendo na upande wa kusimama ili jambo la kila siku lionekane kwa sura mpya. Hahitaji kusafiri. Mkaazi wa Sapiwi anaweza kusimama mbele ya jua mnamo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati ng'ombe wanapopita na vumbi limewaka nyuma yao. Anaweza kukipiga kivuli cha plau na cha mtu aliyeishika, bila ya kumwonyesha mtu mwenyewe. Anaweza kuinamia michembe iliyoanikwa juani hadi vipande vyake vionekane kama mawe ya pwani. Kamera ikiruhusu, anaweza kuacha lenzi wazi kwa sehemu ya 1/15 ya sekunde ili miguu ya wachezaji ngoma iwe kama moshi na nyuso zao zibaki wazi.

Wakaazi wa huko si wageni wa mashindano. Baada ya mavuno, vikundi vya ngoma vya Wasukuma, yaani Wagika na Wagalu, hushindana uwanjani, na kikundi kinachovuta umati mkubwa zaidi ndicho kinachoshinda. Lakini katika ngoma kanuni inajulikana na kila mtu, na mwamuzi amesimama pale pale. Katika mashindano ya picha kanuni imeandikwa mbali, mara nyingi kwa Kiingereza, na mwamuzi haonekani. Hivyo basi, kazi ya kwanza ya mshiriki ni kuisoma kanuni, na asiyeifahamu lugha amwombe mwalimu wa skuli au mtu mwingine anayeaminika amsomee hadi mwisho.

2. Mashindano yaliyo wazi kwa watu wa ridhaa

Yako mashindano mengi. Haya matatu yanatajwa kwa mfano tu.

(a) Wiki Loves Africa, yaliyoanza mwaka 2014, huwa na mada kila yanapofanyika. Mada ya 2014 ilikuwa mapishi. Ya 2016 ilikuwa muziki na ngoma. Ya 2017 watu kazini. Na ya 2023 hali ya hewa na tabianchi. Mshiriki halipi ada. Picha huwekwa katika hazina ya Wikimedia Commons, na maelezo yake yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili.

(b) Sony World Photography Awards yana kundi la wazi, ambalo ndani yake limo fungu la picha za ubunifu. Kundi hilo halitozi ada ya kuingia.

(c) Wildlife Photographer of the Year, yanayosimamiwa na Natural History Museum ya London, ni ya picha za viumbe na maumbile. Watoto na vijana wana mafungu yao: wa miaka 10 na chini, wa miaka 11 hadi 14, na wa miaka 15 hadi 17.

3. Haki ya mwenye picha

Inafaa ieleweke kwamba picha ni mali. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, na kwa mujibu wa mkataba huo haki ya mtunzi huzaliwa pale kazi inapofanywa, bila ya kungojea kusajiliwa. Kwa upande wa Tanzania Bara jambo hili linasimamiwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, na kwa upande wa Zanzibar ni Sheria ya Hakimiliki Na. 14 ya 2003. Aliyepiga picha kwa simu ya shilingi chache ana haki ile ile ya aliyepiga kwa kamera ya mamilioni.

Haki hiyo ndiyo mshiriki anayoigusa anapokubali kanuni za mashindano. Kwa jumla vifungu vya haki huwa vya namna tatu, na inasisitizwa kwamba tofauti zake ni kubwa:

(a) Ruhusa ya kutangaza. Waandaaji wanaruhusiwa kuitumia picha kwa kuyatangaza mashindano na maonyesho yake, pamoja na kulitaja jina la aliyeipiga. Picha inabaki kuwa ya mwenyewe. Kifungu hiki ni cha kawaida.

(b) Leseni huria. Mwenye picha anabaki kuwa mwenyewe, lakini anamruhusu kila mtu duniani kuitumia, hata mfanyabiashara, kwa sharti la kumtaja jina na kufuata leseni. Ndivyo ilivyo kwa picha zinazowekwa Wikimedia Commons. Ruhusa hii ikishatolewa haitanguki. Kwa anayetaka kata yake ionekane katika vitabu na kamusi za dunia, huu ni mchango wa heshima. Kwa anayetarajia kuiuza picha hiyo baadaye, afikiri kwanza.

(c) Kuhamisha haki zote. Baadhi ya mashindano huandika kwamba kila picha iliyoingizwa, hata isiyoshinda, inakuwa mali ya mwandaaji. Hapa mshiriki anaweza kukosa zawadi na kukosa picha pia. Mtu huyo akiiona picha yake katika kalenda au bango la biashara, huenda asiwe na la kudai, kwa kuwa alikubali mwenyewe.

Mwenye shaka anashauriwa kuuliza kabla ya kutuma. Ofisi zinazohusika na masuala ya hakimiliki ni COSOTA kwa Tanzania Bara na COSOZA kwa Zanzibar.

4. Haki ya anayepigwa picha

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake na maisha yake binafsi. Bibi anayechambua pamba uani kwake hakuomba kuonekana London. Anaweza kuridhika kupigwa picha na mjukuu wa jirani, asiridhike picha hiyo kuwa tangazo la umasikini katika nchi asiyoijua.

Kwa hivyo, mpiga picha amweleze mapema, kwa lugha anayoifahamu, mambo matatu: picha inakwenda wapi, nani ataiona, na kama ataweza kuiondoa baadaye. Penye leseni huria, jibu la swali la tatu ni hapana, na ni lazima lisemwe wazi. Kwa mtoto, ridhaa iombwe kwa mzazi au mlezi. Ridhaa iliyoandikwa na kutiwa saini au dole gumba ni bora kuliko ya mdomo, na baadhi ya mashindano huitaka. Akikataa, asibembelezwe. Vile vile, maeneo ya ulinzi na usalama hayapigwi picha, na anayekusudia kuingia katika hifadhi za wanyama aulize kwanza masharti yake.

5. Ukweli wa picha

Ubunifu hauhalalishi udanganyifu. Mwaka 2009 Wildlife Photographer of the Year iliipa ushindi picha ya mbwa mwitu anayeruka lango, iliyopigwa na José Luis Rodríguez wa Hispania. Januari 2010 ushindi huo ulifutwa, baada ya majaji kuamini kwamba mnyama huyo alikuwa amefunzwa, jambo lililokatazwa na kanuni. Mpiga picha alikanusha. Mwaka 2018 picha ya Marcio Cabral wa Brazili, iliyoshinda mwaka uliotangulia, ilifutwa kwa kuwa wataalamu walikubaliana kwamba mla-mchwa aliyeonekana ndani yake alikuwa ni mnyama aliyekaushwa. Naye alikanusha.

Tangu hapo limezuka suala la akili mnemba, yaani programu inayotengeneza taswira bila ya kamera. Mwaka 2023 Boris Eldagsen wa Ujerumani alichaguliwa mshindi wa fungu la ubunifu katika kundi la wazi la Sony World Photography Awards. Akaikataa zawadi na kueleza kwamba taswira yake ilitengenezwa kwa akili mnemba, akitaka jambo hilo lijadiliwe. Mwaka 2024 ikawa kinyume chake. Miles Astray aliingiza picha halisi ya heroe, yule ndege wa rangi ya waridi, katika fungu la akili mnemba la mashindano ya 1839 Awards. Picha ikapata ushindi, kisha ikaondolewa kwa kuwa haikuwa ya fungu lile.

Funzo kwa mshiriki ni kwamba kila fungu lina mpaka wake. Kuongeza mwanga kidogo au kupunguza pembeni kwa kawaida huruhusiwa. Kuongeza au kuondoa kitu huruhusiwa katika mafungu machache tu. Asiyejua mpaka uko wapi aeleze kwa uwazi alichokifanya.

6. Kuitunza picha ya asili

Mashindano makubwa humtaka anayekaribia ushindi alete faili la asili kama lilivyotoka kwenye kamera au simu. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na taarifa zilizofichika ndani yake, kama tarehe na aina ya kamera, hupotea. Picha yenye upana wa pikseli 3,000 inaweza kuchapishwa kwa ubora mzuri hadi sentimita 25. Ikishapunguzwa hadi pikseli 1,600 haizidi sentimita 14. Anayelazimika kutumia njia hiyo aitume picha kama waraka, si kama picha. Faili la asili lihifadhiwe mahala pawili, kwani simu huibiwa na huharibika.

Hata hivyo, ieleweke kwamba simu nyingi huandika ndani ya picha mahala ilipopigwa. Kwa picha inayoonyesha nyumba ya mtu au mtoto, inafaa kuizima huduma hiyo kabla ya kupiga.

7. Tahadhari juu ya ulaghai

Ada ya kuingia peke yake si dalili ya ulaghai, kwani yako mashindano ya heshima yanayotoza. Lakini mshindi wa kweli hatakiwi kulipa ili apewe zawadi yake. Anayepokea ujumbe kwamba ameshinda mashindano asiyoyaingia, au kwamba atume fedha za "usajili wa zawadi" kwa namba fulani ya simu, asitume kitu. Wananchi wanaufahamu ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii", na huu ni ndugu yake.

HITIMISHO

Mwenye kukusudia kushiriki anaombwa ayafuate haya kwa mpangilio wake: asome kanuni yote, atambue ni kifungu kipi kati ya vile vitatu vya haki anachokikubali, apate ridhaa ya aliyemo pichani, aihifadhi picha ya asili, aandike maelezo ya kweli ya kilichopigwa, wapi na lini, ndipo aitume, kabla ya siku ya mwisho, kwani mtandao wa vijijini haungoji.

Wanaoshinda ni wachache. Lakini aliyezifuata hatua hizi na asishinde anabaki na picha yake, anabaki na haki anayoijua, na anaweza kumtazama usoni yule bibi wa uani pale watakapokutana njiani.