Kachumbari Isilale Imechanganywa

Pilau ya Jumapili ikishaliwa, mara nyingi hubaki nusu bakuli la kachumbari. Kesho yake nyanya zimelegea, na chini yametuama maji mekundu. Lawama huangukia friji, lakini mharibifu mkubwa ni chumvi.

Nyanya na tango ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Chumvi ikigusa mboga iliyokatwa, huyavuta maji hayo nje. Ndiyo maana wapishi wengi hufikicha vitunguu kwa chumvi kabla ya kuvisuuza: maji hutoka pamoja na ukali. Kinachovifaa vitunguu ndicho kinachoilegeza nyanya iliyolala.

Basi anayeandaa mapema atenganishe. Vitunguu vilivyosuuzwa na kuchujwa viwe na chombo chake chenye mfuniko. Kabichi na karoti zilizokatwa ziwe na chake. Zikiwa kavu na baridi, mboga hizi ngumu huvumilia siku mbili tatu. Kotimiri ikaushwe vizuri, kisha izungushiwe karatasi ya jikoni, kwa sababu majani yaliyolowa huoza upesi. Nyanya zisubiri zikiwa nzima. Parachichi likatwe mwisho kabisa, maana likipigwa na hewa hugeuka kahawia. Ndimu huchelewesha tu mabadiliko hayo.

Chumvi na ndimu vitiwe wakati wa kupakua.

Bakuli la glasi linafaa kuliko sufuria ya alumini, ambayo huliwa na asidi ya ndimu.

Usalama nao una masharti yake. Shirika la Afya Duniani linashauri vyakula vinavyoharibika haraka vihifadhiwe kwenye ubaridi, ikiwezekana chini ya nyuzi 5 za Selsiasi. Ndimu haiui vijidudu vyote, na kisu kilichotoka kukata kuku mbichi kikipita kwenye nyanya bila kuoshwa, hakuna friji itakayoliokoa bakuli hilo. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam, kachumbari iliyoshinda mezani mchana mzima wa harusi imwagwe hata kama hainuki. Vijidudu vinavyoleta maradhi si lazima vibadilishe harufu wala ladha.

Nyumba isiyo na friji haijanyimwa kachumbari nzuri. Nunueni nyanya nzima, zikae kivulini penye hewa, mkate za mlo mmoja tu. Zitakazobaki hazijaguswa na kisu zitafaa kesho.