Spika Janja Ikifika Koboko

Saa moja jioni mjini Koboko, kila ua una sauti yake. Huku inasikika taarifa ya habari kwa Kilugbara, kule rumba kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na chini ya mwembe kijana amechomeka flashi kwenye spika ndogo, anasikiliza adungu, ala ya nyuzi ambayo Waalur wanaienzi. Koboko imekaa katika eneo la West Nile nchini Uganda, karibu na Kongo na Sudan Kusini. Sikio la mtu mmoja huweza kupokea Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kiswahili, Kilingala na Kiingereza kabla ya chakula cha usiku. Nyumba ya mji wa namna hiyo ndiyo inayofaa kupimia spika janja zinazosifiwa sana katika matangazo ya biashara.

Spika janja hupokea muziki kwa Wi-Fi bila kuunganishwa na redio kwa waya, na maikrofoni zake husubiri amri. Mtu huiita kwa jina, akaiagiza wimbo au habari za hali ya hewa, nayo ikamjibu. Amazon ilianza kuuza Echo nchini Marekani mwaka 2014, Google ikaleta Home mwaka 2016, na Apple ikaleta HomePod mwaka 2018. Ila sehemu kubwa ya akili inayoelewa maneno haimo ndani ya kifaa chenyewe. Sauti ya mwenye nyumba husafirishwa kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni, ikafasiriwa huko, kisha jibu likarudi. Baadhi ya wenye Echo walikuwa wakiweza kuzuia rekodi za sauti zao zisitumwe nje ya nyumba. Tarehe 28 Machi 2025 Amazon iliondoa chaguo hilo.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mnunuzi wa West Nile ni hili: intaneti ikikatika, spika inabaki na kazi gani? Hali hiyo Waganda wameshaipitia. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwenye mkesha wa uchaguzi mkuu, ikakaa karibu siku 5 bila kurudi. Spika inayoishi kwa Wi-Fi tu isingekuwa na la kucheza siku zote hizo, wakati redio za FM zilikuwa bado hewani.

Hata mtandao ukiwepo, una bei. Muziki unaotiririshwa kwa ubora wa kati, kilobiti 160 kwa sekunde, hula megabaiti 72 kwa saa. Nyumba inayosikiliza saa 3 kila siku itamaliza gigabaiti 6 na nusu kwa mwezi, nje ya video za watoto na ujumbe wa kazini. Tangu Julai 2021 bando za intaneti nchini Uganda hutozwa kodi ya asilimia 12. Muziki uleule ukiwekwa kwenye memori kadi hulipiwa mara moja, ukachezwa mwaka mzima.

Umeme nao una hesabu zake. Kwa miaka mingi West Nile haikuunganishwa na gridi ya taifa. Mji wa Arua katika eneo hilo ulitegemea jenereta za mafuta, na baadaye bwawa dogo la Nyagak huko Zombo, lenye megawati 3.5. Gridi ilifika mwaka 2023, lakini nyumba nyingi za vijijini bado zinatumia sola. Spika janja hailali. Hata ikinyamaza hula wati 2 au 3 usiku na mchana ili isikie ikiitwa. Kwa siku moja wati 3 zinafika wati-saa 72, na betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 7 ikiwa imejaa ina 84 tu. Familia ingetumia karibu betri nzima kulisha kifaa kinachosubiri kuongeleshwa.

Na kiongeleshwe kwa lugha gani? Alexa, msaidizi wa sauti wa spika za Amazon, inajua Kiingereza, Kihispania, Kijerumani, Kihindi, Kiarabu na nyingine chache. Kiswahili, chenye mamilioni ya wasemaji, hakimo; Kilugbara na Kikakwa navyo havimo kabisa. Bibi aliyelea wajukuu kwa Kikakwa anawekewa ndani ya nyumba yake kifaa kisichomsikia yeye peke yake. Huo ni upungufu mkubwa kuliko bei. Hata hivyo kazi imeanza: Sunbird AI ya Uganda imekusanya data ya lugha za nchi hiyo, Kilugbara kikiwemo, na mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za Kiswahili na Kiganda zinazotolewa na watu wa kawaida.

Ubora wa sauti unastahili subira dukani. Spika nyingi za aina hii zimebuniwa kwa sebule zenye zulia na dari laini, ilhali nyumba nyingi za Arua zina sakafu ya saruji na bati juu, sauti inagonga na kurudi. Spika ikisukumwa kwenye kona, besi huvimba mpaka maneno ya msomaji wa habari yanazama. Ikisogezwa mbali kidogo na ukuta, maneno hufunguka. Uani mambo hugeuka: hakuna ukuta wa kurudisha sauti, na kila umbali ukiongezeka mara mbili, desibeli 6 hivi hupotea. Spika iliyotosha sebuleni huwa dhaifu chini ya mwembe.

Kwa hiyo majaribio yafanywe kwa wimbo ambao mnunuzi anaujua vizuri, kisha kwa sauti ya mtu anayezungumza. Radio Pacis ya Arua, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 2004, inafaa sana kwa jaribio hilo la pili: kama habari zake za Kilugbara hazieleweki kwa sauti ya chini, besi nzuri haitamsaidia msikilizaji. Baada ya hapo muuzaji aombwe azime data na kuchomoa waya wa umeme, huku mnunuzi akitafuta kwenye spika hiyo betri, Bluetooth, tundu la memori kadi na masafa ya FM.