Kabla ya Miaka Sabini

Mazungumzo ya ibada ya asubuhi katika redio. Somo: 2 Timotheo 4:9–21

Ninazungumza nanyi kutoka Mtito Andei, mji wetu mdogo ulio karibu katikati ya Nairobi na Mombasa. Ninyi mliowahi kupita hapa usiku kwa basi mnaujua. Basi laingia, taa zawashwa ndani, na kondakta apaza sauti, "Dakika ishirini!" Abiria hushuka mbio. Nimekaa hapa miaka mingi nikiwatazama, na jambo moja sijaacha kulistaajabia. Mtu amebanwa na haja tangu Emali, lakini akishuka anaanza kwa kupanga foleni ya chipsi. Mwingine alimwahidi mke wake kwamba atampigia simu akifika Mtito, lakini kwanza achague soda, kisha machungwa, kisha abishane bei ya karanga. Ndipo honi inalia. Anapanda na karanga zake mkononi, na lile alilolishukia hakulifanya.

Mwezi wa nane mwaka huu, Bwana akinijalia, nitatimiza miaka 70. Kwa hiyo mimi nami kondakta amekwisha kunitajia dakika zangu.

Siku hizi iko desturi, hasa kwa Wazungu, ingawa vijana wetu nao wameipokea, ya mtu kuandika orodha ya mambo anayotaka kuyatimiza kabla ya kufika umri fulani: miaka 40, au 50, au 70 kama mimi. Waingereza wana msemo wao wa mzaha kwamba mtu aliyekufa ameipiga ndoo teke, na kutokana na msemo huo wakaiita orodha ya ndoo. Jina hilo lilienea sana baada ya filamu moja ya Marekani ya mwaka 2007, ambamo Jack Nicholson na Morgan Freeman waliigiza wazee wawili wagonjwa wanaozunguka dunia wakitimiza haja zao za mwisho. Binti yangu ndiye aliyenieleza hayo yote. Akaniletea daftari na kalamu, akasema, "Baba, andika."

Najua wako wapendwa watakaosema kwamba huo ni udunia mtupu. Watanikumbusha tajiri wa Luka 12 aliyepanga kujenga ghala kubwa zaidi, naye usiku ule ule akadaiwa roho yake. Watanikumbusha na Yakobo, sura ya 4. Nakubali. Lakini hebu tusome kwa makini. Yakobo hakumkataza mtu kupanga safari. Alimkataza kupanga kana kwamba kesho ni mali yake. Na Zaburi ya 90, ile sala ya Musa, inaitaja miaka hii hii sabini, kisha yamwomba Mungu atufundishe hesabu ya siku zetu. Mtu anayehesabu siku zake atajiuliza pia azitumie kwa nini.

Tena tunao mfano wetu hapa Kenya. Mzee Kimani Maruge, aliyepigania uhuru katika Mau Mau, alikuwa na haja moja tangu zamani: kujua kusoma. Serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi mwaka 2003, aliona mlango umefunguliwa. Mwaka 2004, akiwa na miaka 84, alivaa kaptura na soksi ndefu za shule akaketi darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, kati ya watoto wa miaka sita na saba. Moja ya sababu alizozitoa ni kwamba alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Mwaka 2005 alipanda ndege kwenda New York kuzungumza juu ya elimu katika Umoja wa Mataifa. Alibatizwa mwaka 2009, na mwaka huo huo, mwezi wa nane, akafariki. Mimi niliyefundisha shule za msingi maisha yangu yote nakiri kwamba sijui ningemkaribishaje mwanafunzi kama yule. Pengine ningemwambia aende kwenye masomo ya watu wazima, jioni.

Basi nikaandika. La kwanza lilikuwa kuiona Mzima. Msinicheke. Lango la mbuga ya Tsavo Magharibi liko hapa hapa mjini kwetu, na chemchemi za Mzima haziko mbali nalo; wageni hutoka Ujerumani na Japani kuja kuziona, nami kwa miaka yote hii sijaingia hata siku moja. Mvua inayonyesha juu ya milima ya Chyulu huzama katika mawe ya volkano, ikapita chini kwa chini, ikatokea Mzima maji safi kama kioo. Kuna chumba kilichojengwa ndani ya maji, waweza kumtazama kiboko akitembea chini. Sehemu ya maji hayo huenda Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950, na sisi jirani zake twanunua kwa mtungi. Lakini hayo ni maneno ya siku nyingine.

La pili, kwenda Mombasa kwa treni mchana, nitazame njia yote dirishani, kwa maana treni ya zamani ya abiria ilitupita usiku, na hii ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 husimama hapa mchana. La tatu, kupanda kilima cha Nzaui. La nne, kusoma Biblia nzima kwa Kikamba kutoka Mwanzo mpaka Ufunuo, kwa sababu kwa Kiswahili nimefanya hivyo lakini kwa lugha ya mama yangu sijafanya. La tano, miembe kumi. La sita, hati ya shamba, ili wana na binti zangu wasije wakapelekana kortini. Na chini kabisa, karibu na ukingo wa karatasi, niliandika maneno matatu tu: madebe mawili, Mutomo.

Binti yangu alisoma orodha akauliza, "Baba, hayo madebe ni ya nini?" Nikamwambia ni jambo dogo, nitalifanya siku yoyote.

Wiki ile ile ilinipasa kuandaa somo la jumuiya yetu, nikaifungua 2 Timotheo 4. Paulo yuko kifungoni, na anajua kwamba mwisho wake umekaribia. Anamwandikia Timotheo mahitaji yake. Aje upesi. Amchukue Marko, aje naye. Alete lile joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vile vitabu, hasa vya ngozi. Na ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Hiyo, wapendwa, ni orodha ya mtu anayekufa, nayo haina aibu kuweka joho na Injili katika ukurasa mmoja. Mwili wake unasikia baridi, anaomba nguo.

Lakini tazameni mpangilio wake. Huyu Marko ni nani? Ni yule kijana wa Matendo 15, ambaye Paulo alikataa katakata kusafiri naye, hata akatengana na Barnaba rafiki yake kwa ajili hiyo. Sasa anatakiwa aje, na anatajwa kabla ya joho. Na kwa nini kabla ya baridi? Kwa sababu siku zile, majira ya baridi yalipoingia, merikebu ziliacha kuivuka bahari ile mpaka majira yabadilike. Timotheo angechelewa kidogo, njia ingefungwa, na njia itakapofunguliwa pengine Paulo hayupo.

Nilichukua kalamu nyekundu, kama nilivyozoea shuleni, nikairudia orodha yangu. Kila jambo nililiuliza swali moja: wewe mlango wako utafungwa na nini? Mzima itaendelea kutoka maji nikiwepo nisipokuwepo. Treni nikiikosa, mjukuu wangu ataipanda. Hati ya shamba niliipandisha juu, maana mlango wake unafungwa na kifo changu mwenyewe, na watakaoumia ni wengine.

Nilipofika Nzaui nilimkumbuka Peter Cameron Scott. Alitua Mombasa mwezi wa kumi 1895 na wenzake wachache, pamoja na dada yake Margaret. Haja yake ilikuwa kubwa mno: mstari wa vituo vya Injili kutoka pwani ya Mombasa hadi ziwa Chad. Alianza Nzaui, ambayo leo ni Kaunti yetu ya Makueni, kisha Sakai, Kilungu na Kangundo. Vituo vinne, vyote Ukambani. Mwezi wa kumi na mbili 1896 homa ikamuua hapo hapo Nzaui, akiwa na miaka 29. Hata 30 hakuifikisha. Ukiitazama orodha yake siku ile ya maziko, utasema imeshindwa. Lakini kazi ya namna ile huweza kurithiwa. Wengine waliishika, wakafika Kijabe mwaka 1903, wakavuka hata Kongo mwaka 1912, na wengi wenu mnaonisikia ni washiriki wa Kanisa la Africa Inland lililotokana na mwanzo ule.

Basi kalamu yangu ikashuka mpaka chini. Madebe mawili, Mutomo. Nani atalirithi hili? Mwanangu aweza kulipa deni langu, ila hawezi kutubu kwa niaba yangu. Na mlango wake ulikuwa ukifungwa na kifo cha yeyote kati ya watu wawili au watatu, ambao wote ni wazee.

Nitawaeleza. Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu kijana upande wa Mutomo, ng'ambo ya mto Athi. Wazee wa Ukambani mnaikumbuka njaa ile, tuliyoiita Nikw'a Ngwete, yaani nafa nimeshika, kwa maana mtu alikuwa na fedha mkononi na mahindi hayapatikani dukani. Mimi nilikuwa na mshahara na watoto wawili wenye njaa. Jirani yangu akanipa madebe mawili ya mahindi. Akakataa fedha. Akasema, "Mvua ikinyesha, utanirudishia mahindi." Mwisho wa mwaka ule mvua ilinyesha. Nilivuna. Kisha nikahamishwa kuja huku, na nikajiambia nitarudi likizo. Likizo zikapita. Baadaye nikawa mzee wa kanisa, na ni aibu kusema, lakini kadiri nilivyopanda cheo kanisani ndivyo safari ya Mutomo ilivyokuwa ndefu zaidi. Nimehubiri Mathayo 5 mara nyingi, ile habari ya kuiacha sadaka mbele ya madhabahu. Nimeihubiri vizuri.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nilipanda matatu mpaka Kibwezi, nikashika barabara ya Mutomo. Mfukoni nilikuwa na bahasha yenye shilingi elfu ishirini. Nilimkuta yule ndugu ameketi chini ya mwarobaini. Nikamsalimu, nikajitaja, nikaanza maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani. Alinitazama kwa upole akauliza, "Mvua imenyesha kwenu?" Nikamjibu, nikaanza tena. Akauliza tena, "Mvua imenyesha kwenu?" Ndipo nikafahamu kwamba kumbukumbu zake zimekwisha kuondoka. Mtu niliyemfuata yuko mbele yangu, ila nimemkosa.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Akasema, "Mwalimu, keti. Mimi nakumbuka." Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuomba msamaha kwake na kwako." Akasema, "Mahindi yale yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeyapima. Watoto wangu usiku ule walikunywa uji mwepesi kama maji, ili wako wale. Kila mwaka mpaka wa tano nilimwuliza baba yao, mwalimu hajaja?" Nikatoa bahasha. Hakuipokea. "Nilikupa mahindi," akasema.

Sikuwa na la kujibu. Nikamwuliza kama amenisamehe. Akasema, "Nimesikia ulivyosema," akaingia jikoni kuchemsha chai.

Mwezi wa tatu, tulipomaliza kuvuna, nilirudi na gunia zima la mahindi ya shamba langu. Nilidhani nitaliacha tu mlangoni lote. Mama yule akaenda ndani akarudi na debe kuukuu, limepigwa kiraka upande mmoja. Akasema, "Ni hili hili." Akalijaza, akasawazisha juu kwa kiganja cha mkono, akamimina katika chombo chake. Akalijaza mara ya pili, akasawazisha, akamimina. Kisha akaufunga mdomo wa gunia langu kwa kamba, akanisogezea yaliyobaki.

"Sasa ni sawa," akasema. "Kaa ule."

Tulikula isyo sote watatu chini ya mwarobaini. Mume wake aliniuliza kama mvua imenyesha kwetu, nikamwambia imenyesha, tumevuna. Akafurahi sana.

Hati ya shamba iko kwa wakili. Katika Biblia ya Kikamba nimefika kitabu cha Ayubu. Mzima bado sijaiona.

Tuombe. Bwana, mkumbuke mzee yule na mama yule. Na mtu yeyote anayenisikia asubuhi hii aliye na safari ya kwenda, mpe nauli, na mpe siku. Amina.