Nauli, kipigo na njia ya kwenda Panya Road

Ada ya sekondari za serikali za kutwa ilipofutwa mwaka 2016, mzazi alipunguziwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Nauli ikabaki. Mwanafunzi wa Mbagala, Dar es Salaam, anayesoma mjini, akipanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi kwa shilingi 200 kila moja, anahitaji 800 kwa siku. Kwa siku 194 za masomo ni 155,200, karibu mara nane ya ile ada.

Siku nauli ikikosekana, au konda akiwazuia wanafunzi mlangoni ili apakie watu wazima, Kariakoo haikosi kazi: kubeba mizigo, kusukuma mkokoteni, kuita wateja. Kijana wa miaka 14 anaondoka na hela mkononi jioni hiyo hiyo. Kazi yenyewe siilaumu. Kinachonitisha ni kwamba kutwa nzima hakuna mtu mzima anayejua yuko wapi na yuko na nani, na waliomzunguka ndio wanaomfundisha maisha.

Tangu Panya Road, magenge ya vijana wenye mapanga, walipoitia Dar es Salaam hofu Januari 2015, na tena 2022, jibu letu la kwanza limekuwa msako. Wengine husema dawa ni bakora. Bakora hazikukosekana: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wao hawakushika panga, kwa hiyo kipigo peke yake hakitoshi kueleza uhalifu. Hatari hukua pale kipigo cha nyumbani kinapokutana na utoro, njaa, dawa za kulevya na kundi linalompokea.

Mwanasaikolojia Terrie Moffitt alieleza mwaka 1993 kwamba vijana wengi wanaovunja sheria huacha wakikua. Wanaoendelea ni wachache, na dalili zao huanza utotoni. Kumfungia yule ambaye angeacha ni kumkabidhi kwa wazoefu.

Shule ya Maadilisho Irambo, wanakopelekwa watoto waliovunja sheria, iko Mbeya, zaidi ya kilomita 800 kutoka Kariakoo. Mama wa Mbagala atamtembelea mwanawe mara ngapi? Ni afadhali kumkinga kabla hajafika huko: nauli ya mwaka mzima ya wanafunzi 100 kama yule wa Mbagala ni shilingi 15,520,000. Ningependa madiwani wa Dar es Salaam waijadili kabla ya kuidhinisha bajeti ijayo.