Mtoto aliyeandika "nyuba"

Daftari la imla la mpwa wangu wa Darasa la Kwanza lilirudi nyumbani na makosa 7 katika maneno 10. Kikobe. Nyuba. Pada. Gobe. Pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Hayuko makini." Nikakaa naye mezani, nikamwonyesha neno la kwanza. Hapa umeandika nini? "Kikombe," akajibu, na m nikaisikia wazi kabisa. Mtoto alikuwa makini. Aliandika alichosikia.

Katika "kikombe" na "panda", mb na nd hutoka kwa pumzi moja. M haisimami peke yake, huegemea b, na zote mbili hukaa katika silabi moja: ki-ko-mbe. Sikio changa linapokea sauti moja, mkono unaandika herufi moja, na inayobaki ni ile yenye kishindo. Si watoto wetu tu. Mwaka 1971 Charles Read wa Marekani alichapisha utafiti juu ya watoto wanaojiandikia Kiingereza kabla hawajafundishwa tahajia. Nao waliruka m na n zinapotangulia konsonanti nyingine. Hata wazee wetu walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mara nyingi waliandika mb kwa herufi ile ile ya b, msomaji akajazia mwenyewe. Hao walikuwa malenga na wanazuoni.

Kwa hiyo dawa haianzi kwenye penseli, inaanza puani. Mwambie mtoto aweke kidole ubavuni mwa pua, aseme "boga". Pua imetulia. Sasa aseme "mboga", aivute m kidogo. Pua inatetemeka. Mpwa wangu alirudia mara tano huku akicheka, kisha akashtuka: "Mjomba, kumbe humu kuna m!"

Baada ya hapo tukacheza na maneno pacha: doa na ndoa, jaa na njaa, goma na ngoma. Anafumba macho, akisikia m au n anagusa pua, asiposikia anagonga meza. Mwanzoni mwa neno alizoea upesi. Katikati ndiko kugumu, kama kutofautisha taga na Tanga, gogo na gongo, na huko ndiko tulikokaa jioni nyingi, dakika kumi kumi, bila daftari.

Makofi ya kuhesabu silabi nayo husaidia, ila yapigwe kwa uangalifu. Mbuni, yule ndege mkubwa, ana makofi mawili: mbu-ni. Mbuni, mti wa kahawa, una matatu: m-bu-ni. Mwalimu anayepasua mboga kuwa m-bo-ga ubaoni anamfundisha mtoto sauti ambayo hataisikia kwa mtu yeyote sokoni.

Zikifika w na y, kazi inahamia kinywani. Mbwa, vyombo, mwalimu. Kubwa kuliko yote ni "kunywa", kwa sababu anayeiacha w anaandika neno la aibu, darasa zima linaangua kicheko, na tangu siku hiyo anaiogopa kalamu. Asichekwe. Mpe kioo, aseme "nya", kisha "nywa", aone midomo inavyojiviringa. Ng' ya ng'ombe, pamoja na ritifaa yake, inaweza kungoja hadi hizi zimekaa.

Najua darasa lenye watoto 90 halimruhusu mwalimu kuketi na kila mmoja. Lakini mchezo wa pua hauhitaji kitabu wala chaki, na watoto wote 90 wanaweza kuucheza kwa pamoja kabla imla haijaanza. Nanyi wazazi mnaweza kuucheza jikoni, mboga zikichambuliwa.

Mwalimu mwenzangu wa watoto, kabla hujashika kalamu nyekundu, mwombe mtoto akusomee neno alilokosea. Akisoma "kikombe", m anayo tayari mdomoni. Msaidie aisikie.