Mungu hakumpa Ayubu jibu, alimpanulia anga

Fungua Biblia yako katika Kitabu cha Ayubu, sura ya 38, mstari wa 31. Hapo Mungu anamuuliza Ayubu juu ya Kilimia. Waliotuletea Biblia kwa Kiswahili hawakutafuta neno geni. Walichukua jina ambalo wakulima wetu walikuwa nalo tayari, jina la kundi la nyota linalotangaza majira ya kulima. Wazee wa pwani husema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua.

Kwa macho matupu utahesabu nyota sita au saba. Kwa kweli ni zaidi ya elfu moja, na nuru yake husafiri kwa takriban miaka 440 hadi itufikie. Nuru unayoiona leo ilianza safari karibu na wakati ule Wareno walipokuwa wakijenga Ngome ya Yesu kule Mombasa.

Sasa tuichukue darubini. Watu wanaotazama nyota wakiwa uani kwao wanajua kwamba darubini ina kazi mbili. Kioo kikubwa au lenzi ya mbele hukusanya nuru. Kisha kuna kipande kidogo unachokiwekea jicho, yaani lenzi ya jicho, ambacho hutolewa na kuwekwa kingine. Anayeanza hudhani lenzi bora ni ile inayokuza kuliko zote. Hesabu yasema vingine.

Chukua darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 1,200. Ukiweka lenzi ya jicho ya milimita 25, gawanya 1,200 kwa 25, utapata ukuzaji wa mara 48. Lenzi ya kawaida huonyesha duara la takriban nyuzi 50. Gawanya 50 kwa 48, unabaki na nyuzi moja hivi ya anga, upana wa miezi mipevu miwili. Kilimia chote kinahitaji karibu nyuzi mbili, kwa hiyo hakienei. Weka lenzi ya milimita 10, ukuzaji unafika mara 120, na dirisha linakuwa chini ya nusu nyuzi. Hapo unaona nyota chache gizani, na wala hujui kama uko ndani ya Kilimia. Tena kila mtikisiko wa hewa na wa mkono wako nao umekuzwa.

Galileo alikutana na tatizo hili. Mwaka 1610 aliandika kwamba darubini yake ilimwonyesha katika Kilimia nyota zaidi ya 40 ambazo jicho halizioni. Lakini dirisha lake lilikuwa dogo mno hata mwezi mzima haukuenea, ikambidi ahame kutoka nyota hadi nyota. Mwaka uliofuata Johannes Kepler, Mkristo aliyekuwa amesomea theolojia, alipendekeza lenzi ya jicho ya namna nyingine iliyopanua dirisha hilo.

Katika zama zetu Mmarekani Al Nagler aliiendeleza kazi hiyo. Aliwahi kushiriki kutengeneza mitambo ya kuwafunzia wanaanga wa Apollo jinsi ya kutua mwezini. Baadaye alibuni lenzi ya jicho yenye duara la nyuzi 82, na mwaka 2007 kampuni yake ikatoa ya nyuzi 100. Ukichungulia humo, ukingo wa duara unapotea pembeni mwa jicho, unajisikia kama umetoka nje ya dunia. Lenzi ya aina hiyo yenye milimita 30 hukuza mara 40 katika darubini yetu, lakini dirisha linazidi nyuzi mbili. Ukuzaji haukupungua sana. Kilichobadilika ni upana, na sasa Kilimia kimeingia chote.

Rudi kwa Ayubu. Mali imekwenda, watoto wamekufa, mwili umejaa majipu. Rafiki zake walikaa naye kimya siku saba, wakafanya vema. Walipofungua kinywa, kila mmoja alikuja na lenzi nyembamba: kuna dhambi mahali, itafute. Wakazidi kukuza, hadi wakawa hawamwoni tena rafiki yao, wanaona kosa ambalo halikuwapo.

Mungu alipojibu hakueleza kwa nini watoto wale walikufa. Soma sura zile zote, hutakuta maelezo hayo. Alimwonyesha bahari, theluji, mbuzi wa milimani, Kilimia na Orioni. Wapo wanaoona kwamba hilo ni jibu la ukali. Mimi naliona ni rehema. Msiba wa Ayubu haukuondolewa katikati ya dirisha, wala haukuitwa mdogo. Dirisha ndilo lililopanuliwa, hata Ayubu akauona msiba wake ukiwa ndani ya ulimwengu wenye Mwenyewe.

Ndugu uliyefiwa, au uliyeachishwa kazi, au mama ambaye mwanao hapokei simu yako, sikuambii uache kuangalia jeraha lako. Nakuuliza tu, umelikuza mara ngapi? Je, bado unaona jirani aliyekuletea chakula? Unaona watoto waliobaki? Na wewe unayemtazama mzee wa kanisa au mkwe wako kwa kosa lile moja la miaka kumi iliyopita, ni sehemu gani ya mtu huyo imebaki nje ya duara lako?

Huenda unasema: mambo ya nyota ni anasa, watu wana njaa. Swali hilo lilimsumbua pia Guy Consolmagno, mwanasayansi wa Marekani. Mwaka 1983 aliacha utafiti, akajiunga na Peace Corps, akaja Kenya kufundisha. Akitembelea vijijini na darubini ndogo, wanakijiji walipanga foleni kuona mashimo ya mwezi na pete za Zohali, wakashangaa vilevile kama watu wa kwao Marekani. Alielewa kwamba kumnyima maskini mshangao huo ni kumnyima sehemu ya utu wake. Baadaye akawa bruda Mjesuiti na mkurugenzi wa kituo cha Vatikani cha kuchunguza anga. Mkate ni lazima tuugawe. Bwana wetu mwenyewe alilisha watu, lakini alisema pia kwamba mtu haishi kwa mkate peke yake.

Kumbuka na jambo hili: lenzi ya jicho, hata iwe na bei inayozidi ya darubini, haiongezi hata chembe ya nuru. Nuru imeshakusanywa na kioo kikubwa. Vivyo hivyo bidii yetu ya kutazama haitengenezi neema. Neema imekwisha kuja, nasi tunachagua dirisha la kuipokelea.

Huna darubini? Macho yako yana dirisha pana kuliko lenzi yoyote ya duniani. Kuanzia Novemba hadi Machi, anga likiwa safi, Kilimia huonekana jioni. Zima taa ya uani, weka simu mfukoni, subiri dakika 20 macho yazoee giza. Mwite na mtoto, na yule mliyenuniana nyumbani. Tazameni pamoja kabla hamjazungumza.

Ee Bwana, tupanulie macho, tusikuze maumivu hata tukakosa kukuona. Jumapili njema.